Joto la Likasi Huingia kwa Paa

Siku kama ya tarehe 22 Oktoba, saa sita kamili mchana, toka nje uani kwako Kikula, hapa Likasi, utafute kivuli chako. Hutakiona, kimejikunja chini ya nyayo. Likasi, mji wetu wa Katanga nchini Kongo, iko karibu nyuzi 11 kusini mwa ikweta, na siku hizo jua hupita juu ya utosi hasa. Ndio mwisho wa kipwa, mvua zimetishia lakini hazijakolea, na hakuna majuma ya mwaka yenye joto kama hayo. Sasa tazama nyumba yako. Ukuta unaoelekea kaskazini hauguswi na jua. Wa kusini vivyo hivyo. Wa mashariki umeshapumzika, na wa magharibi zamu yake bado. Jua lote linamwagika mahali pamoja: kwenye bati.

Nimeanza na kivuli makusudi, maana mjadala wa nyumba za kesho katika miji yetu ya shaba umejengwa wote juu ya ukuta. Wasikilize wahandisi vijana, wafadhili, na wenye fedha wanaojenga upya barabara kuu za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi. Wanatuahidi mashine itakayochapa kuta kwa saa chache, na ngozi ya nje ya jengo iliyotengenezwa kwa vifaa janja: vioo vinavyojitia giza jua likizidi, vipande vinavyojifungua na kujifunga vyenyewe, ili jengo litumie umeme kidogo. Anayesita huambiwa anataka Mkongo abaki kwenye tope. Mimi nasita, tena nasema wazi kwamba rai hiyo ina kosa, na kosa lake halitokani na umaskini wetu. Imekosea mlango joto linapoingilia.

Mashine yenyewe si ndoto. Mwaka 2021, huko Salima nchini Malawi, kampuni ya 14Trees, iliyoundwa na kampuni ya saruji ya Holcim pamoja na shirika la uwekezaji la serikali ya Uingereza, ilisimamisha kuta za shule kwa saa 18. Baadaye ikaenda Kilifi, pwani ya Kenya, kwa mradi wa nyumba 52 unaoitwa Mvule Gardens. Picha zake zimezunguka kwenye simu nyingi: bomba linatoa uji wa saruji, tabaka juu ya tabaka, na ukuta unainuka bila mwashi kugusa mwiko. Naiheshimu kazi hiyo. Lakini yasome tena maneno: kuta kwa saa 18. Msingi ulitangulia. Paa, milango, madirisha na nyaya vilifuata, kwa mikono ya watu, kwa mwendo ule ule wa siku zote. Mashine imeharakisha sehemu ambayo fundi wa Likasi na wasaidizi wake huimaliza kwa siku chache, na ambayo haimnyimi usingizi mjenzi wa kwetu. Muulize mtu yeyote wa Kikula ambaye kuta zake zimesimama wazi mwaka wa tatu sasa, majani yakiota ndani, ni kitu gani kilimkwamisha. Atakutajia mabati, mbao za kenchi na saruji. Hatakutajia kazi ya kupanga matofali.

Hiyo saruji nayo inahitaji neno lake. Uji wa mashine lazima upite kwenye bomba bila kuziba, kisha usimame mara tu ukitoka. Kwa hiyo hautiwi kokoto kubwa, na nafasi ya kokoto hujazwa kwa saruji zaidi. Saruji huzaliwa katika tanuru la nyuzi 1,450 hivi, na viwanda vyake hutoa takriban asilimia 7 au 8 ya hewa ya ukaa yote inayotokana na shughuli za binadamu. Watetezi husema ukuta uliochapwa una uwazi ndani, basi jumla ya saruji hupungua. Huenda, ukiulinganisha na ukuta wa zege tupu. Lakini nani Likasi anajenga chumba cha kulala kwa zege tupu? Sisi tunajenga kwa tofali la udongo, na saruji yetu ni ile ya kuunganishia tu.

Kuna pia habari ya umeme. Tabaka likianza kukauka kabla ya jingine kulilalia, hayashikani. Panabaki mshono dhaifu, na masika maji hupita hapo hapo. Mashine ya kuchapa nyumba haipaswi kusimama katikati ya kazi. Nasi tunaijua delestaji, ule ukataji wa umeme kwa zamu, kama tunavyojua majina ya watoto wetu. Tunaishi mji ambao umeme wa Mwadingusha, kituo kilichoanza kazi mwaka 1930 kwenye mto Lufira, ulizalishwa kwa ajili ya shaba kwanza na watu baadaye, na utaratibu huo haujageuka sana. Utakodi jenereta, utanunua mafuta, na hesabu ya nyumba nafuu itakuwa imevurugika kabla ukuta haujafika magotini.

Ndiyo maana nalishika koo neno ambalo hutamkwa bila kupimwa: kuokoa umeme. Umeme upi? Nchini Kongo ni kama mtu mmoja tu kati ya watano aliyeunganishwa. Kule Ulaya na Ghuba ngozi janja hupunguza bili kwa sababu ndani ya jengo mna mitambo ya kupasha au kupoza hewa inayonguruma mchana na usiku. Nyumba ya Panda au Shituru, mitaa yetu mingine, haina mtambo huo. Nishati yake ni makala, yaani mkaa, ya mbabula, jiko letu la bati, na, kabla ya hayo, kuni zilizochoma matofali yake. Huwezi kumpunguzia mtu asichotumia. Swali la kweli la nyumba hiyo ni hili: mama atamlazaje mtoto mwenye homa saa nane mchana, mwezi wa kumi, chini ya bati linalochoma tangu asubuhi, bila hata feni? Na bati likishammiminia joto mchana kutwa, kuta hulimeza na kulitema jioni, wakati wa kulala. Ngozi ya ukutani, hata iwe janja kiasi gani, haina jibu la swali hilo.

Nitajibiwa kwamba wanazungumzia majengo makubwa, benki na hoteli na ofisi. Haya. Nimewahi kukaa katika ofisi moja ya namna hiyo, kioo toka sakafuni hadi darini, uso wake wote umetazama magharibi. Saa tisa alasiri umeme ukakatika. Madirisha yalikuwa ya kufungwa moja kwa moja, hayana bawaba. Baada ya robo saa tulitoka mmoja mmoja, mashati yameganda mgongoni, tukamalizia mkutano chini ya mwembe wa jirani. Jengo hilo halikuhitaji kioo kinachojitia giza. Lilihitaji mchoraji aliyejua jua la Katanga huzama upande gani. Kila ninapoona kifaa janja kinapendekezwa, huuliza kwanza: kinakuja kutibu nini, na ugonjwa huo uliletwa na nani?

Hata kwenye fedha nyingi, mambo haya hayana dhamana. Mjini Paris, jengo la Taasisi ya Ulimwengu wa Kiarabu lililobuniwa na Jean Nouvel lilifunguliwa mwaka 1987, uso wake wa kusini ukiwa na vipande 240 vyenye matundu yaliyokusudiwa kupanuka na kubana kama mboni ya jicho kufuata mwanga. Ni kazi nzuri ajabu kuitazama, yenye asili katika mashrabiya, zile nyavu za mbao za nyumba za Waarabu. Lakini mitambo yake midogo ikaanza kukwama, na kwa miaka mingi macho mengi yakabaki yalivyo, hayafumbi wala hayafumbui. Minara ya Al Bahar kule Abu Dhabi, ya mwaka 2012, ina miavuli zaidi ya 1,000 kwa kila mnara inayoongozwa na kompyuta. Nchi ile ina mafundi wa kuihudumia kila siku na umeme usiozimika. Sasa fikiria bawaba hizo Likasi mwezi wa Agosti, vumbi jekundu la barabara likipanda hadi ghorofa ya pili, na kipuri kikitoka Ulaya kupitia Durban au Dar es Salaam na mipaka yote iliyo njiani. Mwaka mmoja, labda miwili. Kisha tutabaki na sanamu ghali.

Kuna namna moja ya vifaa hivi ambayo nilitaka sana kuipenda. Watafiti wa vyuo vikuu vya Stuttgart na Freiburg, Ujerumani, wamechapa vibanzi vya selulosi vinavyojikunja na kujinyoosha kufuata unyevu wa hewa, kama koni ya msonobari, bila mota wala waya. Hewa ikiwa baridi na nyevu, vibanzi hujikunja na kuruhusu jua liingie. Ikiwa ya joto na kavu, hujinyoosha na kuliziba. Nilipoelewa kinavyofanya kazi nilisema moyoni: hiki ndicho, hakiombi umeme. Kisha nikakipeleka Likasi kwa mawazo. Baridi yetu huja Juni na Julai, usiku vipimo hushuka chini ya nyuzi 10, asubuhi mikono inauma. Na miezi hiyo ni mikavu. Oktoba, mwezi wa moto, nao hufika kabla hewa haijalowa sawasawa. Masika ndiyo yenye unyevu, na masika mawingu hutufunika. Kibanzi cha Freiburg kingefanya nini hapa? Mchana wa Julai, tunapotamani jua liingie, hewa kavu ingekiamuru kizibe. Wangeweza kukichapa upya kwa mpangilio mwingine, najua, lakini shida inabaki, maana unyevu peke yake hauitofautishi Julai na Oktoba kama unavyoitofautisha Januari na Agosti kule kwao. Ujanja wa kifaa ni kumbukumbu ya hali ya hewa ya mahali kilipozaliwa.

Kinachoitofautisha Julai na Oktoba katika nchi yetu ni kimo cha jua. Adhuhuri ya Juni na Julai jua hukaa upande wa kaskazini, nyuzi kama 56 hivi juu ya upeo. Oktoba liko utosini. Upenu wa mita moja upande wa kaskazini huutia kivuli ukuta wote adhuhuri ya Oktoba. Mwezi wa Juni kivuli chake hushuka mita moja na nusu tu, na chini ya hapo jua huingia dirishani na kuota sakafuni. Upenu huo hauna programu. Hauna kipuri. Haukosei mwezi.

Tena haukuwa siri kwetu. Wazungu wa Jadotville, kama mji huu ulivyoitwa enzi ya ukoloni kwa jina la mhandisi Jean Jadot, waliishi katika nyumba zenye barza pana, dari za juu, nafasi ya hewa chini ya paa, na miti iliyopangwa barabarani. Neno lenyewe barza walilichukua kwetu, ni baraza ya Kiswahili iliyofupishwa na ulimi wa Kibelgiji. Wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya shaba ya wakati huo, waliwekwa kambini, safu kwa safu, vyumba vidogo. Kivuli kiligawanywa kwa rangi ya ngozi. Kwa hiyo ninapodai baraza na dari kwa nyumba za Kikula, sirudi nyuma. Nadai kitu ambacho babu zetu walikijenga kwa mikono yao na wakakatazwa kuketi chini yake.

Anayetaka jengo kubwa la mfano asiruke hadi Abu Dhabi. Avuke Zambia afike Harare, mji wa nyanda za juu kama sisi, wenye mchana mkali na usiku baridi. Jengo la Eastgate, lililobuniwa na Mick Pearce na kukamilika mwaka 1996, halina mitambo mikubwa ya kupoza hewa. Lina uzito: zege na matofali yanayokunywa joto la mchana. Usiku feni huvuta hewa baridi kupitia sakafu zenye uwazi, hewa inalifukuza joto, na asubuhi jengo linaanza upya. Pearce alisema alijifunza kwa kichuguu. Wanabayolojia baadaye wamesahihisha mengi kuhusu jinsi mchwa wanavyopitisha hewa, lakini jengo linafanya kazi, kwa sababu msingi wake ni tofauti ya mchana na usiku, na tofauti hiyo sisi tunayo tele.

Na vichuguu tunavyo. Msafiri akitoka Likasi kwenda Kambove au Lubumbashi anaviona porini kama vilima, vingine virefu kuliko nyumba. Udongo wake ni mfinyanzi laini, na waashi wa Katanga wanaujua: ndio wanaofyatulia matofali. Kosa letu liko kwenye tanuri. Tanuri za kuni, pamoja na uchomaji wa makala, zinakula miti ya miombo, na msitu unazidi kuwa mbali na mji. Udongo ule ule ukichanganywa na saruji kidogo au chokaa, ukashindiliwa kwa mashine ya mkono kama ile ya CINVA-Ram iliyobuniwa Bogotá miaka ya 1950, hutoa tofali lisilohitaji moto, zito, linalochelewesha joto kwa saa kadhaa. Nimesikia watu wakiliita tofali la aibu. Waitaliano wa WASP, pamoja na msanifu Mario Cucinella, mwaka 2021 walichapa nyumba ya udongo mbichi iitwayo TECLA huko Massa Lombarda, kwa saa 200 za mashine, na dunia ikaipigia makofi. Udongo unaposhangiliwa kwa kuwa umetoka kwenye bomba, na kudharauliwa kwa kuwa umetoka kwenye kiganja cha mama wa Shituru, basi tunachopima si ukuta tena.

Turudi kwenye bati, maana hapo ndipo ningependa fedha na akili zote zielekezwe. Bati likishapata kutu na vumbi humeza jua, na chini yake hakuna dari. Kichwa cha mtu kiko hatua mbili kutoka kwenye chuma cha moto. Mwaka 2014 Aaswath Raman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha utando ambao, ukiwekwa juani mchana kweupe, ulikaa karibu nyuzi 5 chini ya hewa inayouzunguka, kwa sababu unarudisha mwanga na kurusha joto lake moja kwa moja angani. Mwaka 2021 Xiulin Ruan wa Chuo Kikuu cha Purdue na wenzake wakatoa rangi nyeupe ya salfati ya bariamu inayorudisha asilimia 98.1 ya mwanga wa jua. Vitu hivi hupenda anga safi na kavu, na kipwa ya Katanga ina anga ya namna hiyo miezi mitano au sita. Hivyo ndivyo vifaa janja ninavyovikubali kwa Likasi. Angalieni vinakaa wapi: juu, si ubavuni.

Wala hatuhitaji kusubiri kopo litoke Marekani. Mji wa Ahmedabad nchini India ulianza mwaka 2017 kupaka nyeupe mapaa ya mitaa ya watu wa kipato cha chini, kwa chokaa. Sisi tuna Kakontwe, mahali palipowapa wanajiolojia jina la tabaka zima la mawe ya chokaa ya Katanga. Chokaa tupu haishiki vizuri kwenye bati, inahitaji gundi ya rangi, na mvua huibandua. Basi ipakwe upya kila Agosti, kabla ya miezi ya moto, vumbi likiwa limefutwa kwanza. Wengine wananiuliza kuhusu Julai: paa jeupe halitaongeza baridi? Kidogo, ndiyo. Ndiyo maana rangi isiende bila dari. Dari ya mkeka, ya mbao au ya ubao wa jasi, ikiacha nafasi ya hewa inayopita chini ya bati, huzuia moto wa Oktoba na kutunza joto la mbabula na la miili usiku wa Julai. Fedha ya mita chache za ngozi janja ingetia dari nyumba nzima.

Wapo wanaosema kobalti ya Shituru imo ndani ya aloi zinazochapwa kwa leza huko ng'ambo, kwa hiyo mashine hizo ni haki yetu. Haki yetu kwa madini yetu ni kubwa kuliko mashine moja, na naipigania. Lakini kudai haki hakukulazimu kuweka kitu mahali kisipofaa. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Likasi wajifunze kuchapa, tena wawe mabingwa. Mashine ndogo ya plastiki, ya kukaa mezani, inayoendeshwa kwa betri na paneli ya jua, inaweza kutengeneza kalibu za klostra, yale matofali ya matundu, katika maumbo ambayo seremala hawezi kuyachonga: tundu lililoinamia upande wa kaskazini, tundu linalozuia jua la magharibi na kupitisha upepo. Kalibu moja, matofali mamia, mikono ya mafundi wetu wenyewe. Wanaotaka kupima bodi zenye nta inayoyeyuka mchana na kuganda usiku nawakaribisha pia, maana usiku wetu unaweza kuigandisha, mradi waiweke darini na wafikirie moto wa mbabula.

Ombi langu kwa chuo, kwa meya na kwa mfadhili yeyote aliye tayari kulipia kongamano jingine la kuta janja ni dogo. Chagueni nyumba tatu za ukubwa mmoja, mtaa mmoja wa Kikula. Ya kwanza iachwe ilivyo. Ya pili ivalishwe ngozi ya nje mnayoisifu, kwa gharama yoyote. Ya tatu ipakwe bati lake nyeupe, itiwe dari, iongezewe upenu wa mita moja upande wa kaskazini na kivuli upande wa magharibi, kwa mafundi wa mtaa huo huo. Tundikeni kipimajoto ndani ya kila moja, kwenye kimo cha kichwa cha mtoto aliyelala. Kisha mje mvisome mbele ya wenye nyumba tarehe 22 Oktoba, kuanzia saa sita mchana hadi saa tatu usiku, na delestaji ikiwepo msiahirishe.